Viraka wa Pili

Jumatatu, Machi 3

Papai, paka wangu, bado hajazaa. Tumbo limefika sentimita hamsini na moja kwa futi yangu ya kushonea. Asubuhi lilikuwa hamsini. Nimeliandika kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mwenye bucha na kifua cha Mwalimu.

Mpango unakwenda vizuri mno. Nauandika hapa ili baadaye nisiongeze chumvi.

Viraka, paka wa marehemu mke wangu, yuko kwa shemeji tangu msiba. Namtaka. Ni paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, na jicho lake la kushoto limezungukwa na chungwa kana kwamba limetiwa kiraka. Kumwomba shemeji siwezi. Ni dada mkubwa wa mke wangu, na akikutazama juu ya miwani unakiri hata makosa ya jirani. Kwa hiyo nitazalisha paka mwingine wa namna ileile, niende naye kwa shemeji, niwabadilishe mwenye nyumba akiwa jikoni. Hakuna atakayeumia. Kuomba ni kazi ngumu. Kuzaa anazaa Papai.

Papai mwenyewe ni chungwa, tumbo na nyayo nyeupe. Bwana harusi alikuwa Makaa, dume la mwenye bucha, mweusi mpaka masharubu. Chungwa, nyeusi, nyeupe. Hesabu ya darasa la pili!

Kisha kuna karatasi. Siku moja Viraka alilala juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya karatasi ya kaki. Mke wangu akachukua chaki ya buluu, akamzungushia. Halafu akachora kila kiraka mahali pake, na chini akaandika: Viraka, saizi ya kati. Mdomoni alikuwa na pini, hakuweza kucheka, akacheka kwa pua. Karatasi hiyo iko chini ya blanketi la Papai tangu siku ya harusi. Nimeilaza chaki ikitazama chini, isimchafue mama mzazi. Kitambaa huwekwa juu ya karatasi, fundi anafuata. Sioni kwa nini kwa paka iwe vingine.

Macho yangu yamechoka leo. Kila Jumapili mke wangu alikuwa akinitungia sindano kumi na mbili za wiki. Za mwisho zimebaki tatu, na nyuzi zake. Sizigusi. Vifungo vya wateja vinasubiri.

Alhamisi, Machi 6

Amezaa!

Nilikuwa nakata suruali ya Mwalimu, ya harusi ya binti yake. Nikasikia sauti stoo. Nikakimbia. Mtoto wa kwanza, chungwa. Nikarudi, nikakata mguu mmoja wa suruali. Nikakimbia tena. Wa pili, chungwa. Nikarudi, nikakata mguu mwingine. Wa tatu, chungwa.

Wa nne: rangi tatu! Jike! Na jicho lina kiraka cha chungwa!

Nikakaa chini kidogo. Si kulia. Stoo ina vumbi.

Jioni nikavuta karatasi taratibu, Papai akininung'unikia, nikailinganisha na mtoto. Mgongo mweusi upo. Doa la pajani, dogo kama kifungo, lipo. Lakini jicho ni la kulia. Doa ni la kulia. Kila cha kushoto kimekwenda kulia, kama kitambaa kilichogeuzwa. Nguo ningeifumua. Paka hafumuliki.

Nikarudi mezani nijiliwaze na suruali ya Mwalimu. Nimekata miguu miwili ya kushoto.

Siku mbaya kwa habari za pande.

Ijumaa, Machi 7

Mwalimu amekuja kujaribu suruali. Amenikuta nimemshika mtoto mbele ya kioo, nikimwambia asitikisike. Alifundisha elimu ya viumbe miaka thelathini, na nadhani amekosa wanafunzi. Akaketi bila kukaribishwa.

Akasema rangi ya chungwa na nyeusi hurithiwa pamoja na jinsia. Dume hupata fungu moja tu, kutoka kwa mama. Mama akiwa chungwa, wanawe wa kiume wote chungwa, hata baba awe mweusi kama chini ya sufuria. Jike hupata mafungu mawili, la mama na la baba, na humo tumboni kila kipande cha ngozi hujichagulia kitamfuata nani. Ndiyo maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Nyeupe ina njia yake yenyewe. Na viraka, akasema, huangukia popote, kama rangi inayodondoka kutoka brashi. Hata Viraka mwenyewe angezaliwa upya na mama yuleyule, kile cha jicho kingeweza kuangukia mguuni.

Nikashtuka. Jicho mguuni?

"Kiraka, fundi. Kiraka."

Nikamuuliza kama kuna vitabu vinavyosema chochote kuhusu kulaza karatasi chini ya paka. Kisha akauliza suruali yake imefika wapi. Nikamwambia upande wa kushoto umekamilika kabisa.

Hapo akaingia mwenye bucha, Makaa nyuma yake. Nilimwahidi dume jeusi la kukamata panya, ndiyo mahari ya Makaa. Akachungulia boksi. Akahesabu madume matatu kama karoti.

"Fundi, baba makaa, watoto moto. Inakuwaje? Una uhakika na mwenendo wa paka wako?"

Nimeumia kwa niaba ya Papai. Siku nne walifungiwa pamoja, na mimi mlangoni nikishona mapindo! Mwalimu akaanza upya kuhusu mafungu. Mwenye bucha akasikiliza mikono imefumbatwa, akasema kwao mtoto hufanana na baba au kikao kinaitishwa. Amechagua dume moja, atalichukua likiacha kunyonya, akaondoka amenuna. Nimemsikia njiani akimwambia Makaa watazungumza nyumbani.

Jumapili, Machi 16

Kwa shemeji. Viraka yuko kwenye kochi, juu ya mto wa kitambaa nilichokishona mimi. Alinitazama kwa lile jicho. Nikatazama dirisha.

Kuna tatizo ambalo sikulifikiria. Viraka ana miaka tisa na uzito wa mfuko wa unga. Viraka wa Pili anaingia kwenye soksi. Shemeji atagundua.

Lakini fundi hashindwi na saizi. Nimebuni mpango wa kupunguza mapema. Kila nikija nitasema paka amekonda. Nikija na mdogo, shemeji atasema mwenyewe: kweli, ulinionya. Nimeanza leo leo. Nikasema, shemeji, mbona huyu amepungua? Akashusha miwani. Amepungua wapi? Nikasema mabegani. Fundi akisema mabegani, watu huamini.

Aliniuliza mimi mwenyewe nakula nini siku hizi. Nikarudia habari za mabega ya paka.

Jumapili, Machi 30

Balaa.

Shemeji ameamini. Viraka anapewa maziwa asubuhi, samaki mchana, samaki jioni, na yai kabla ya kulala. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe sasa hakiwezi kupanda kochi. Ananyanyuliwa. Kiraka cha jicho kimetanuka mpaka paka anaonekana kushangaa wakati wote.

Shemeji amenishika mkono, akasema nimemwokoa, asingegundua peke yake. Nikajibu karibu. Ningesema nini?

Alipokwenda jikoni nilimsikia akimwita Viraka kwa jina la utani la mke wangu, lile la utotoni, ambalo nyumbani kwao tu ndiko lilikotumika. Sikuwa nimelisikia tangu mwaka jana. Nikajifanya nakohoa. Naye akajifanya anagongagonga vijiko.

Jumamosi, Aprili 12

Nimepata dawa ya upande wa jicho. Kabati la vyombo la shemeji lina kioo kwa ndani, nyuma ya vyombo. Paka akikaa anakitazama kioo, kulia kunakuwa kushoto. Kinachotakiwa ni Viraka wa Pili ajifunze kukaa anatazama kioo. Maisha yake yote.

Mafunzo yameanza saa tatu. Nimemweka mbele ya kioo cha wateja. Akamwona paka mwingine. Wamepigana nusu saa. Ameshindwa.

Mwalimu alipita kuulizia suruali. Nikamwambia kitambaa bado kinapumzika.

Jumapili, Aprili 27

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Naandika nikiwa na plasta mbili.

Niliingia na mfuko wangu wa kazi. Ndani: futi, mkasi, zile sindano tatu, nyingine tisa zisizo na uzi, na Viraka wa Pili. Hakuna aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa uangalifu kama huu. Shemeji akaenda kuchemsha chai. Nikamtoa mdogo, nikamweka mbele ya kabati. Akaona kioo. Akakumbuka kichapo, akapanda pazia.

Nikamwinua Viraka. Hakuinuka. Nikapiga magoti, nikavuta pumzi, akainuka. Kumtia mfukoni sasa. Mfuko ni saizi ya kati. Kichwa na mguu mmoja vikaingia, vingine vikabaki nje na kulalamika kwa makucha.

Shemeji akasimama mlangoni na sinia.

Mimi sakafuni. Nusu paka mfukoni. Paka wa pili juu ya pazia.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Napima."

Akakitazama kile kinachopimwa. Akanitazama juu ya miwani. Nikakiri yote: Papai, Makaa, karatasi, mabegani, kioo. Nikakiri pia kwamba jirani yake anatupa taka kwenye mtaro wake, ingawa hakuuliza.

Aliweka sinia chini. Nilidhani nitafukuzwa. Akakaa sakafuni pamoja nami, mtu mzima na magoti yake, akamtoa Viraka mfukoni polepole, kichwa kwanza.

Akasema siku ya tatu baada ya mazishi nilimwambia siwezi kumtazama huyu paka. Kwamba kila nikimwona namwona mke wangu. Ndipo akamchukua. Mwaka mzima alikuwa akingoja nimwambie naweza.

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini shemeji hasahau, na hasemi uongo.

"Mficha uchi hazai, shemeji. Wewe umezalisha paka wanne badala ya kusema neno moja."

Tukacheka. Yeye anacheka kwa pua pia. Sijui kwa nini sikuwahi kuligundua hilo.

Alipokuwa ananitafutia plasta kwenye mfuko wangu wa kazi aliona sindano. Akauliza nani ananitungia siku hizi. Nikamwonyesha zilizobaki tatu. Akaivaa miwani sawasawa, akatunga sindano tisa, moja baada ya nyingine, akazipanga kando ya zile tatu. Chai ikapoa.

Amenipa Viraka. Amebaki na wa Pili, begani. Mlangoni akasema huyu mdogo ni mzuri sana, ila jicho liko upande wa pili, na yeye ameshazoea kutazamwa na lile la kushoto. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema ni mvuke wa chai. Chai iliyopoa!

Nimembeba Viraka mpaka nyumbani kwa mikono miwili. Nimepumzika njiani mara tatu.

Ijumaa, Mei 2

Suruali ya Mwalimu imekwisha, siku moja kabla ya harusi. Mabaki ya kitambaa yametosha mguu wa kulia. Mguu wa kushoto uliozidi nimeutunza. Huenda akaja mteja. Vifungo nimevishona kwa mkono, kwa sindano za shemeji. Zile tatu ziko palepale.

Viraka amelala juu ya meza ya kukatia, pembeni mwa cherehani, mahali pake pa zamani. Hakuonyeshwa. Jana niliifungua karatasi, nikamlaza juu yake. Amezidi vidole vinne kila upande. Nimeandika chini, kwa penseli: saizi kubwa.

Lakini siku zote hizi nalifikiria neno la shemeji. Amebaki na paka wa jicho la kulia, naye amezoea la kushoto. Ananitungia sindano, nami namwachia paka aliyegeuzwa! Haifai. Fundi hurekebisha kazi yake.

Nimemweleza Mwalimu mpango mpya wakati anavaa. Akarudia yote tangu mwanzo: fungu la mama, fungu la baba, jike, dume, brashi inayodondosha. Akasema nirudie nyuma yake. Nikarudia. Akasema basi nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Ni msomi mkubwa, lakini hajawahi kukata nguo.

Mwenye bucha amekubali kumleta Makaa tena, kwa sharti kwamba mara hii mlangoni atakaa yeye. Amekuja na kiti chake.

Shemeji nimemwambia asubiri hadi mwezi wa saba. Akauliza asubiri nini. Nikasema nitamwambia. Kosa nimeshaligundua, na ni dogo la kuchekesha. Asubuhi hii nimetandika boksi jipya la Papai: karatasi, kisha blanketi.

Safari hii chaki inatazama juu.