Walii Niliyempaka Chokaa

Jumatatu, 7 Agosti

Habari mbaya sokoni. Bwana Lahsen, mkulima wa karoti, anautaka uwanja wetu wa farasi. Ardhi ni ya kijiji kizima, mababu waliitenga farasi wakimbie, lakini yeye anasema inalala bure tangu sherehe ya kiangazi hiki hadi ya kiangazi kijacho. Mkuu wa tarafa atakuja Jumanne ijayo kuamua.

Mwanangu Jilali kasema uwanja ukienda, anamuuza farasi wake, anahamia Kasablanka kufungasha maboksi. Maboksi! Kijana anayekaa juu ya tandiko kana kwamba kazaliwa nalo! Kwenye kikosi cha wapanda farasi wa sherehe wamempanga mwisho kabisa, kushoto, maana hapo ndipo watu wanamwona vizuri. Wote hukimbia sambamba, kisha hufyatua bunduki za baruti zilie kama moja. Ya Jilali hulia baadaye kidogo. Ana adabu. Huwaacha wakubwa wamalize.

Maati, mume wangu, kanionya nisijitie. Eti Haji Bushaib, kiongozi wa kikosi, analishughulikia. Haji Bushaib! Mzee anayetafuta kilemba huku amekivaa!

Nitajitia.

Jumatano, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Bwana Lahsen na sahani ya chapati za siagi na asali. Nikamwambia kwa huruma, kama dada yake wa tumbo moja, kwamba udongo wa uwanja umekunywa baruti tangu enzi za babu zetu. Karoti za pale zitamlipukia mtu mdomoni.

Akala chapati zote. Akanifuata hadi uwanjani, akachota udongo, akaunusa, akatabasamu. Baruti ina chumvichumvi, kasema, na chumvi hiyo ndiyo mbolea anayoinunua kwa bei ya kuua. Kanishukuru sana. Sasa anautaka uwanja mara mbili ya jana.

Sijamwambia Maati.

Ijumaa, 11 Agosti

Akili ikinijia, haibishi hodi. Mkulima gani atapitisha trekta juu ya kaburi la walii?

Wanaume walipokuwa msikitini nikabeba mawe ya zizini kwa punda, nikayapanga katikati kabisa ya uwanja, nikayapaka chokaa iliyobaki tulipopaka jiko. Juu nikatandika pazia la kijani. Kalikuwa kakaburi kazuri. Nilitaka kulia.

Nikarudi kupakua kuskusi. Kabla ya alasiri nikasikia vigelegele. Jirani yangu Hniya, mama yake Kebbur, yule anayejisifu mwanawe kupangwa karibu na kiongozi, alikuwa keshawasha mishumaa. Anasema walii alimjia ndotoni. Anasema ni babu wa bibi yake! Wanawake wakambusu bega. Akanitazama mimi, akaniambia ukoo mwingine una baraka, ukoo mwingine una midomo tu.

Nami siwezi kusema neno. Nimejenga walii kwa mikono yangu, nimempa Hniya babu!

Jumapili, 13 Agosti

Ushindi! Vibarua wa Bwana Lahsen, waliokuja kupima uwanja, wamegoma kukanyaga. Yeye mwenyewe kaleta mshumaa, tena mnene.

Jioni Jilali kavaa joho jeupe kwenda mazoezini. Karudi upesi, uso umemshuka. Haji Bushaib kasimamisha mazoezi. Kasema mtu mwenye haya hakimbizi farasi juu ya kifua cha walii.

Hili sikuliwaza.

Jumanne, 15 Agosti

Mkuu wa tarafa alikuja, kijiji kizima kikamzunguka. Kumbe ombi la karoti lilimfikia tangu mwaka jana, naye alikuwa na jibu tayari: uwanja unabaki wa farasi. Haji Bushaib alikwenda ofisini kwake majira yote ya baridi, kimyakimya, hadi wakamchoka. Lakini mkuu alipoona kaburi akakuna kidevu. Kama kuna walii, akasema, basi ardhi ni wakfu. Hapapiti trekta, wala hapapiti kwato.

Nikamwona Jilali akilegeza mkanda wa tandiko. Akamgeukia Bwana Lahsen, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anamjua mnunuzi wa farasi.

Miguu yangu ikatembea yenyewe.

"Bwana mkuu, humo hamna mtu," nikasema. "Mawe ni ya zizi langu, na hilo ni pazia la jikoni kwangu."

"Funga mdomo, Mbarka," akasema Hniya. "Babu anasikia."

"Babu yako nimempaka chokaa Ijumaa, shoga. Nusa."

Haji Bushaib akanisogelea. "Mwanamke wewe, nahangaika mwaka mzima kuutetea uwanja huu, nawe unanizikia mtu katikati?"

Nikamgeukia mume wangu. Maati alikuwa akitazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Wakayaondoa mawe, kikosi kikapanda farasi. Wakaja wote kwa mstari mmoja, ardhi ikitetemeka hadi kwenye meno yangu, bunduki zikainuka, mlio mmoja. Kisha mlio mwingine, mdogo. Mkuu akacheka, akauliza huyo wa mwisho ni nani. Nikamwambia, ni wangu!

Farasi hauzwi. Jilali kanibusu kichwani, kaniomba nisimsaidie tena maishani.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimemwahidi Maati kwamba nimejifunza. Naye kaniapisha.

Ila mkuu wa tarafa aliacha neno. Atarudi majira ya machipuko kuhesabu farasi wa kijiji, na wakiwa wachache, habari ya karoti itaanza upya. Haji Bushaib anasema ataongea na vijiji jirani, taratibu. Taratibu!

Nimemtazama punda wetu leo asubuhi. Kwa mbali, jua likiwa nyuma yake, ana shingo nzuri sana. Masikio yanaweza kufungwa. Nimekwenda kwa Hniya kuomba hina. Hajaniuliza ya nini, kaniuliza tu kama itatosha na punda wake.