Gari la Makaa la Shianda

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Petroli imepanda tena. Niliwauliza madereva wenzangu sokoni Shianda wanataka nini katika gari lao lijalo. Onesmus anataka lisilotumia petroli kabisa. Titus anataka la kujazwa mara moja kwa mwaka. Andati, mwenye Toyota mpya, akajibu, “Mimi natakanga gari iwake asubuhi, jioni inirudishe nyumbani.” Mtu asiye na maono. Nitatengeneza gari linalokula makaa.

Jumatano, 3 Agosti
Nimefunga pipa nyuma ya Peugeot yangu. Makaa yanawaka ndani, gesi inapita kwenye bomba hadi kwenye injini. Nilisoma habari hizi kwenye gazeti lililofungiwa samaki wa omena. Ukurasa wa pili haukuwepo. Mke wangu, Rosebella, aliuliza tangi la petroli liko wapi. Nimeling'oa ili magunia ya makaa yapate nafasi. Aliniangalia sana, kisha akarudi kupalilia.

Ijumaa, 5 Agosti
Limewaka. Baada ya dakika arobaini za kupuliza, lakini limewaka. Nilifika hadi sokoni. Andati aliuliza kama nauza mahindi ya kuchoma. Yeye sitamuuzia gari.

Jumapili, 7 Agosti
Siku mbaya. Asubuhi jirani yetu Cleophas alikuja mbio. Mkewe, Nekoye, alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa na anatoka damu. Gari la karibu ni langu. Nikawasha makaa, nikapuliza. Nekoye alikaa kiti cha mbele, ameushika mlango. Rosebella akimpangusa jasho.

“Philemon, ndugu yangu, fanya haraka,” Cleophas alisema, kwa sauti ya chini. Afadhali angenipigia kelele.

Tuliondoka baada ya nusu saa. Kwenye mwinuko wa kwanza gari likazima. Rosebella akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Andati alikuwa akienda kanisani na familia yake. Aliwashusha wote wakiwa na nguo zao nzuri, akampakia Nekoye, akageuza gari kuelekea hospitali. Hakunicheka. Nilibaki na pipa langu, bado linatoa moshi.

Jumatatu, 8 Agosti
Mtoto wa kike. Mama yake yu hai. Daktari alisema wangekawia kidogo tu wangempoteza. Mtoto ameitwa Gentrix, jina la mke wa Andati. Nilienda kuomba msamaha. Cleophas alinimiminia chai, tukanywa. Nyumbani Rosebella akasema, “Baba Mitchel, hayo mambo ya makaa yaishe leo.” Nikamwahidi. Nilishusha pipa mwenyewe.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimefikiri kwa siku tatu, kwa unyenyekevu. Kosa lilikuwa la makaa. Makaa yana uzembe. Molasi ya kiwanda cha sukari ikichachuka hutoa spiriti, na spiriti huwaka papo hapo. Nimefukia mitungi miwili nyuma ya zizi. Rosebella nimemwambia ni molasi ya kulisha ng'ombe.

Jioni nilimwahidi Cleophas kwamba siku ya kliniki ya mtoto nitawapeleka mimi, bure.

Alishukuru sana. Akasema watatembea.