Nabii wa Visu Vidogo

Jumatatu, 24 Agosti 2009

Baridi, manyunyu, mawingu yamekaa juu ya paa. Nimetoka Woodley na sweta mbili.

Nimegundua! Karakana yetu hapa Westlands ina sheria moja ya maana: fundi akivunja kisu cha mashine ya kuchonga chuma haleti maneno, analeta vipande. Mimi mtunza stoo navitia kwenye kasha la kiberiti, naandika tarehe, ndipo natoa kisu kipya. Visu vyenyewe ni vyembamba kama sindano, ncha nusu milimita. Vikianza kutetemeka kwenye chuma vinaimba, halafu tap! Basi. Mwezi huu makasha kumi na moja. Leo nimeyapanga mezani. Yote ni ya Jumanne na Alhamisi!

Jumanne na Alhamisi kuna nini? Kasyoka, anayetupikia mchana, hupika chapati. Aliyeshiba chapati mkono unakuwa mzito. Kweli, vingine vilivunjika asubuhi. Hao walivunja kwa kuzingoja.

Hili si jambo dogo. Bi Ramila wa Spring Valley anataka kalibu, chuma cha kutolea umbo, ya vifungo vya sare ya shule ifikapo Jumamosi, na herufi ndogo kama mayai ya chawa. Visu vimebaki vinane. Vingine viko njiani, vitachukua mwezi mzima kufika. Mzee Inderjit, mwenye karakana, amesema atakayesaidia kalibu iishe kabla visu havijaisha ndiye atakayepelekwa kozi ya mashine. Miaka sita navigawa visu kwenye kidirisha. Nataka siku moja nivishike vikizunguka.

Jumanne, 25 Agosti

Manyunyu tena. Nimewahi kwa Kasyoka saa kumi na mbili na nusu, nikamwomba leo apike githeri. Akaniuliza kama nimeokoka au nimefukuzwa kazi. Nikamwahidi kumsukia nywele. Akakubali.

Mchana nusura karakana igome. Fidel, fundi wa mashine, alikoroga githeri kwa kijiko kama anatafuta maiti. Akauliza ni nani amefiwa. Yeye hutabiri kisu kitakachovunjika kwa kuweka bisibisi sikioni na ncha yake kwenye mashine, akifumba macho kama askofu. Ushirikina mtupu.

Stima ilikuwa imekatika tangu saa tatu asubuhi, kama ratiba ya mgao wa umeme inavyosema, jenereta ikawashwa stoo kwangu. Mimi ndiye niliyeshauri mwezi uliopita iingizwe ndani na kufungwa sakafuni kwa bolti. Haiibiwi, hainyeshewi. Sijaambiwa hata asante.

Visu viwili vimevunjika. Nilikata tamaa kwa dakika kumi hivi. Kisha nikaona kitu kimevimba kwenye mfuko wa ovaroli ya Fidel. Chapati mbili, zimefungwa gazetini! Kazinunua barabarani. Nimefurahi sana. Ushahidi umekamilika.

Visu: sita.

Jumatano, 26 Agosti

Siku mbaya. Nitaandika kwa ufupi.

Nilimwendea Mzee asubuhi na makasha yangu kwenye sinia. Nikamweleza kwamba Jumatano ni salama kabisa, kazi nzito yote ya herufi ifanywe leo. Kuhusu chapati sikumwambia; mtafiti haonyeshi jikoni kwake. Akayatazama makasha muda mrefu. Akasema haya, tujaribu.

Kampuni ya umeme ikabadilisha ratiba. Stima ikakatwa leo badala ya kesho. Hilo halinihusu. Lakini visu vitatu! Vitatu, na hakuna aliyeonja chapati. Nilinusa mikono yao. Fidel akaniletea vipande mwenyewe, ameviweka juu ya sinia, akapiga goti dirishani. Akasema, "Nabii, pokea sadaka." Wote wakacheka, hata Kasyoka, ambaye nimemsuka nusu kichwa.

Mzee hakucheka. Akaniambia vikiisha kabla ya Jumamosi hakuna kozi kwa mtu yeyote, na pengine hakuna Bi Ramila tena.

Visu: vitatu.

Alhamisi, 27 Agosti

Jua kidogo! Leo siku ya hatari. Nilifunga stoo nikaketi juu ya ufunguo mpaka saa tano. Mzee akaja akaniomba ufunguo kwa upole wa kutisha. Nikatoa.

Stima ilikuwepo kutwa. Hakuna kilichovunjika. Na chapati walikula! Nimerudi nyumbani na kichwa kinauma.

Ijumaa, 28 Agosti

Mawingu. Stima ikakatika ghafla saa nne. Mzee alikuwa amesimama karibu na mashine, kikombe chake cha chai juu ya meza ya mashine. Jenereta ilipowaka, chai ikaanza kucheza. Viduara vidogo vidogo mpaka ukingoni. Kisu kikaimba. Tap!

Mzee akachuchumaa, akaweka kiganja sakafuni, akaenda amechuchumaa hivyohivyo, kilemba na vyote, hadi mlangoni kwangu. Akauliza ni nani aliyeifunga jenereta kwenye sakafu moja na mashine. Nikainua mkono upesi. Nilidhani asante imefika.

Haikuwa asante.

Wanaume wanne wakaifungua, wakaitoa uani, wakaikalisha juu ya matairi makuukuu. Kisu kingine kikaimba bado, ila kidogo. Fidel akataka kupunguza mwendo. Mzee akauongeza! Kikanyamaza. Akasema kila kisu kina mtetemo wake, na mashine ina mwendo wake; kazi ni kutafuta mahali hawa wawili hawagombani.

Maneno mazuri. Nimeyaandika.

Visu: viwili.

Jumamosi, 29 Agosti

Jua! Kalibu imekwisha saa saba mchana. Herufi zinasomeka kwa kioo cha kukuzia. Bi Ramila alifika mapema kushuhudia. Fidel akageuka kumwamkia, akakidondosha kisu kimoja kikavunjika. Kazi ikamalizwa na kile cha mwisho.

Na kozi ni yangu! Mzee amelinganisha makasha yangu na ratiba ya mgao, siku kwa siku. Akasema bila tarehe zangu asingekuwa na hakika, na mtu anayeandika anafundishika. Fidel hakubisha. Akasema masikio yake yamesoma ya kutosha, akanipa mkono, akaniita Nabii tena, lakini safari hii vizuri.

Naanza Jumatatu ijayo. Nimefurahi hata sikuweza kula. Nikakaa kufikiri. Leo kisu kilivunjika Bi Ramila akiwa mlangoni. Jana, nakumbuka wazi, alikuwa amepiga simu asubuhi. Na Jumatano alipiga mara mbili! Mzee anaamini ni sakafu. Ni mtu mwema, simlaumu.

Nimetafuta kasha jipya, nikaliandika juu: WATEJA. Huko kozini nitawaomba walimu ruhusa ya kuweka kitabu cha wageni mlangoni, kila anayeingia aandike jina na saa.

Sasa nalala, ni saa tatu na robo.