Mchezo Wangu wa Julai 1951

Jumanne, 10 Machi 1987

Balaa. Orrin Stahl, mgawa barua mstaafu, ametangaza mbele ya watu wote kwa kinyozi Gus kwamba maktaba yetu imepata filamu zenye picha za kurasa za magazeti ya zamani ya jimbo letu la Iowa. Atautafuta mchezo wangu wa Julai 1951. Atachapisha lile jedwali lenye takwimu za kila mchezaji, alibandike juu ya kioo cha Gus, mji mzima uone nilivyong'ara. Akatabasamu. Simpendi Orrin akitabasamu.

Ukweli, na uishie humu: besiboli ya kulipwa niliicheza siku moja. Moja! Miaka thelathini na sita nimesimulia kwamba niliupiga mpira ukaruka uzio, ukapotelea kwenye shamba la mahindi. Haukuruka. Sikuugusa. Tena ulipokuja kwangu uliniponyoka mara tatu. Kesho yake wakanipa tiketi ya basi la kurudi nyumbani.

Mke wangu Doreen nilimpata kwa huo mpira wa kwenye mahindi. Hapo ndipo penye shida.

Jumatano, 11 Machi

Nimefika maktaba kabla mlango haujafunguliwa. Mpango: kuazima filamu ya Julai 1951, kisha ipotee kwa bahati mbaya. Mkutubi, Bi Pickett, akasema filamu haziazimwi. Nikajitambulisha kama mtafiti wa bei za nguruwe. Kosa kubwa! Baba yake alifuga nguruwe. Akavuta kiti, tukasoma bei pamoja saa mbili nzima. Kila nikiisogeza filamu kuelekea ukurasa wa michezo, ananirudisha. Bei zilikuwa nzuri mwaka ule.

Alhamisi, 12 Machi

Mpango mpya, mzuri zaidi. Bi Pickett alipogeuka, nikaitia filamu ya 1951 ndani ya boksi la 1915. Nani anasoma habari za 1915? Nimetoka napiga mluzi.

Saa nane mchana Orrin kanipigia simu. Alipolikosa gazeti langu aliamua kumtafuta babu yake, aliyeshinda mashindano ya kulima. Mwaka 1915.

Kafungua boksi, kakuta Julai 1951. Kasema kesho anakuja kwangu na karatasi aliyoichapisha. Lazima Doreen aione kwa macho yake.

Sikuweza kula. Doreen akanipima homa.

Ijumaa, 13 Machi

Orrin kaja amevaa shati lililopigwa pasi. Kabla hajakaa nikamwambia Doreen kwamba gazeti lile lilikuwa la uongo, mhariri wake mlevi. Doreen akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole. Tuttle, yaani mimi, mlinzi wa kituo cha pili. Alipewa nafasi nne za kupiga, hakuupiga mpira hata mara moja. Makosa ya kuangusha mpira: matatu. Orrin alikuwa akimkodolea macho. Mimi nilikuwa natazama zulia.

“Matatu tu?” akasema Doreen. “Mimi nilihesabu manne.”

Alikuwepo! Alikwenda na dada yake, wakakaa nyuma ya kituo cha kwanza. Anasema nilipoangusha mpira wa mwisho uwanja mzima ulinizomea, nami nikavua kofia nikawainamia kana kwamba wananishangilia. Akamwambia dada yake, yule pale ndiye wangu. Miezi mitatu baadaye nikamsimulia habari za mahindi, naye akauma midomo asicheke.

Nikamuuliza mbona hajasema miaka yote hii.

“Ulikuwa unasimulia vizuri, mume wangu. Na kila mwaka unaupeleka ule mpira mbali zaidi.”

Orrin akaikunja karatasi, akauliza kama kuna kahawa. Nilimpa, na kipande kikubwa cha pai. Sijawahi kumpenda kama leo. Najisikia kama niliyetuliwa gunia la mahindi kichwani. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Nimeapa. Kuanzia leo ukweli mtupu.

Jumapili, 15 Machi

Mchungaji mpya ametoka Nebraska, hajui mtu. Baada ya ibada akanijia na kikombe chake cha kahawa. Kasikia niliwahi kucheza besiboli ya kulipwa. Je, nilicheza muda gani?

Nilikusudia kusema kweli. Mungu anajua. Lakini alikuwa amenisogelea kwa hamu, na Doreen alikuwa mbali, anakata keki.

Nikasema misimu miwili, na kama si goti ningecheza zaidi.

Akanisikitikia sana. Nikachechemea mpaka kwenye gari, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijaamua ni goti lipi.