Mutie Apandisha Mfumo

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamua. Kompyuta yangu itapata mfumo mpya kabla jirani yangu Odera hajaupata kwenye laptopu yake ya dukani. Yangu niliiunda mwenyewe hapa Buruburu, kipande baada ya kipande. Kasha lilichongwa na binamu yangu Ndambuki kwa mti wa mjakaranda, na swala wawili ubavuni. Odera huiita kabati. Wivu tu.

Mfumo ukadai kompyuta haistahili. Nikatafuta video ya njia ya mkato. Mke wangu Nzembi, kiongozi wa kwaya, akauliza kama nyimbo ziko salama, maana muziki wote wa mashindano ya Jumapili umo humo. Nikamwambia nimeshatoa nakala. Kweli tupu. Iko kwenye kompyuta hiyohiyo, katika folda niliyoiita Salama.

Jumatano, 8 Oktoba

Kompyuta inafika asilimia themanini na nane ya mfumo mpya, inazima, inawaka, inaanza upya. Asubuhi nimelaumu umeme. Mchana nimelaumu joto, nikachomeka kifeni kando ya diski ya pembeni, flashi, simu na kitaa cha mezani. Haikusaidia. Kila ikishindwa inaandika maneno mengi kwenye skrini. Siyasomi. Maelezo ni ya wasiojua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Odera amekuja. Nashuku ametumwa na Nzembi. Aliuliza skrini inasema nini. Nikamjibu inasema mambo ya kitaalamu, nikasimama mbele yake mpaka akamaliza chai na kwenda zake. Mpelelezi!

Kisha nikafungua kasha, nikatoa kila kitu, nikarudisha. Skrubu kadhaa zimebaki. Kwa kuwa niliiunda mwenyewe, nahesabu hayo kuwa maendeleo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikukuu ya Mazingira. Taifa linapanda miti, mimi napandisha mfumo.

Mirriam, mpiga kinanda, amepita kuuliza muziki wa mazoezi uko wapi. Nikamweleza kuwa kwaya ya kweli hufanya mazoezi bila muziki, ili masikio yakomae. Inaonekana alimfikishia Nzembi neno kwa neno. Sahani yangu ya muthokoi nimeikuta jikoni, imepoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nzembi alinyoosha mkono akataka nakala. Nikamweleza kuhusu Salama. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliketi, akasema nyimbo zingine zinaweza kurekodiwa tena, lakini kuna ubeti ulioimbwa na mwanakwaya wetu Aloo kabla hajafariki, na Aloo tumeshamzika.

Nikatazama wale swala wa kwenye kasha.

Kisha akavuta kiti, akasoma skrini taratibu, mpaka mwisho.

“Mutie, hapa imeandikwa uchomoe kila kitu ulichochomeka pembeni, halafu ujaribu tena. Umesoma?”

Nikasema nimeyapitia.

Akachomoa kifeni, diski, flashi, simu na kitaa. Mfumo ukapita themanini na nane kama vile haujawahi kukwama pale. Nyimbo zote zimo. Aloo akaimba ubeti wake chumbani, sauti ileile ya kukwaruza kidogo. Nzembi akalia. Mimi pia, ila nilikuwa nimegeukia dirishani.

Nimetafakari chanzo cha tatizo. Nina hakika ni zile skrubu. Uzito wa bure ulikuwa unailemea.

Jumapili, 12 Oktoba

Kwaya yetu imeishinda ya Donholm. Ubeti wa Aloo ulipofika, kanisa zima lilisimama. Nzembi alipopewa nafasi alimshukuru Mungu, Mirriam, wanakwaya na hata Odera, kwa lipi sijui, labda kwa kunywa chai yetu. Mimi nilisahaulika. Huenda ni furaha.

Baadaye mchungaji akauliza ni nani aliyeifufua kompyuta. Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza swali. Nzembi akanitazama mpaka nikaketi, lakini mchungaji alikuwa ameshaniona.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mchungaji ameniletea kompyuta ya ofisi ya kanisa. Ndani mna kumbukumbu za ubatizo na ndoa za miaka yote. Amesema haina tatizo lolote, niipanguse vumbi tu.

Nimeiwasha ili nihakikishe vumbi limetoka. Ikauliza kama ningependa mfumo mpya. Chini yake kulikuwa na onyo, refu mno.

Nimebonyeza ndiyo.