Foleni Isiyosogea

Jumatatu, 4 Agosti

Bosi ametangaza kuwa programu ya foleni ya kliniki ya macho nitaiandika mimi, peke yangu, kwa ile lugha mpya ya kompyuta. Si nilisema kwenye usaili nina uzoefu nayo wa miaka mitano? Nimewahi kuona jalada la kitabu chake tu. Ijumaa muda wangu wa majaribio unaisha. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenipigia debe hapa. Nikifukuzwa, nyumbani sina pa kuficha uso. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Kalamu kwa sababu kalamu haimtoki sikioni hata akila, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia kwangu huu ni mteremko.

Jumanne, 5 Agosti

Lugha gani hii! Ukishatengeneza orodha, haibadiliki tena. Sasa namba moja nitamtoaje ili aingie namba mbili? Nimejiunga na jukwaa la waandishi wa programu mtandaoni, kwa jina la Simba Mkuu. Nikauliza, kwa niaba ya rafiki yangu: vitu vinavyobadilika unaviweka wapi, kama hakuna kinachobadilika? Nikabandika na mistari ya programu niliyoandika. Mmoja anayejiita Kobe akajibu kwa upole. Orodha ya zamani niiache ilivyo, niombe orodha mpya isiyo na yule mgonjwa, halafu... Hapo nikasikia viatu vya bosi koridoni. Nikafunga ukurasa. Nilichosoma kinatosha.

Jumatano, 6 Agosti

Programu imekubali! Haikulalamika hata mara moja. Kalamu akashauri tuijaribu kwanza kwa wagonjwa watatu wa kubuni. Wivu tu. Nimeipeleka kliniki.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwisha. Tangu saa mbili asubuhi skrini ya kliniki inamwita namba moja. Namba moja ni bibi mwenye mkongojo. Kaingia kwa daktari mara sita, kapimwa mara sita, maana ameambiwa skrini ikimwita aende. Mara ya saba akamwambia daktari herufi za ukutani ameshazikariri, sasa asome yeye. Namba mbili hadi arobaini wamekuja juu.

Simu ya ofisi ikalia. Nikajifungia chooni, nikamalizia kusoma jibu la Kobe. Kumbe aliendelea: halafu hiyo orodha mpya niishike na niendelee nayo, nisiitupe. Mimi nilikuwa naitengeneza na kuitupa kila mara! Nikatoka, nikamwambia bosi kosa ni la skrini, na kwamba jana Kalamu aliigusa. Kalamu akageukia kompyuta yake. Bosi akarudi ofisini kwake, akafunga mlango. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Bosi kaniita. Akageuza kompyuta yake nione. Kobe ni yeye! Alinijua tangu Jumanne, maana mistari niliyobandika ilikuwa na jina la kliniki. Na programu Kalamu aliirekebisha jana, kimya kimya. Nikalia mbele yake, sikuona haya. Akasema kutojua si kosa. Woga wangu ndio uliompimisha bibi wa watu macho mara sita. Ananiongezea mwezi mmoja wa majaribio kwa sharti moja, nisichokijua nimuulize ana kwa ana. Nikaapa. Nilimaanisha kabisa.

Saa tisa alasiri akatokeza mlangoni. Maktaba wanataka programu yao. Je, kwa lugha hii, watu wawili wakiomba kitabu kimoja kwa wakati mmoja, naweza kulipanga hilo? Akanitazama machoni, akasubiri. Kalamu naye akasubiri. Nikasikia mdomo wangu ukisema hiyo ndiyo fani yangu.

Nimefungua akaunti nyingine kwenye jukwaa lile lile. Chui Mtulivu. Nimeuliza kwa niaba ya binamu yangu. Safari hii nimekuwa mwangalifu, jina la kliniki sijaliweka popote. Nimeweka la maktaba. Ajabu, kibodi ya bosi imeanza kugonga upande wa pili wa ukuta.