Mfanyakazi Bora Ambaye Si Mfanyakazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata akili! Fundi wetu wa vipimo aliye ng'ambo ya mpaka, anayepima madirisha ya hoteli kule ili sisi tushone mapazia huku, kuanzia leo si mfanyakazi wangu. Ni mkandarasi huru. Karatasi moja, sahihi mbili. Mkandarasi hana likizo, hana michango ya hifadhi ya jamii. Shemeji, mdogo wa mke wangu na mhasibu wa kampuni, akasema sheria ya kule haitazami jina, inatazama kazi. Nikamwambia aendelee na risiti zake. Wivu!

Jumatano, 5 Machi

Fundi ametia sahihi bila swali. Hoteli ina madirisha mia moja themanini na sita. Amepima zaidi ya nusu, hajakosea hata moja. Nilimshukuru kwa simu mpaka akaniomba ninyamaze. Kisha nikamkumbusha: kazini saa mbili kamili, fulana ya kampuni kila siku, ruhusa aniombe mimi. Shemeji akakohoa. Ana kifua huyu.

Maneno matupu hayakuniridhisha. Nimemchapishia cheti: MFANYAKAZI BORA WA MWEZI. Muhuri, sahihi yangu, fremu ya rangi ya dhahabu. Kule tunaye yeye peke yake, lakini ameshinda kwa haki.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amepiga simu. Cheti amekitundika. Halafu: ana mimba ya miezi saba, anaomba likizo ya uzazi. Nikamweleza kwa upole kwamba mkandarasi hujipa likizo mwenyewe, bila malipo. Akauliza, "Bosi, kwa hiyo mimi ni nani kwako?" Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.



Jumatano, 12 Machi

Balaa! Fundi alikwenda ofisi ya kazi ya kwao kuulizia haki zake, na leo afisa amemfuata karakanani kwake. Afisa akanipigia kutoka humo humo. Nilikuwa tayari! Nikamwambia mama huyo simfahamu sana, anajifanyia shughuli zake. Afisa akauliza fremu iliyo ukutani imeandikwa nini. Nikasema kutoka huku siioni vizuri. Akanisomea. Yote, na sahihi yangu.

Siku saba: nimwajiri kisheria, au aache kazi. Hoteli inataka vipimo vyote tarehe ishirini. Nani mwingine ayajue madirisha yale?

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia fundi ili nimsamehe. Akacheka. Akasema, "Bosi, nilikwenda kuuliza, sikwenda kukushtaki. Nimemwambia afisa una roho nzuri, ila ujanja wako wa kitoto." Kumbe afisa alitaka kunitoza faini papo hapo. Hizo siku saba ni fundi aliyeniombea. Na tumbo lile!

Machozi yalinitoka. Vumbi la vitambaa.

Shemeji akafungua droo. Mkataba kamili, tayari tangu tarehe tatu, kupitia kampuni ya kule inayoajiri watu kihalali kwa niaba ya wageni kama sisi. Nikauliza kwa nini alikaa kimya. "Nilisema, shemeji. Baada ya hapo nikawa nasubiri uanguke. Nilijua hutanichelewesha."

Nikamshukuru. Haikuwa rahisi.

Jumanne, 18 Machi

Tumemaliza! Mkataba umesainiwa, michango imeanza, likizo ya uzazi imeandikwa mpaka siku ya mwisho. Afisa ameridhika. Madirisha ya mwisho fundi ameyapima akiwa ameketi kitini, mumewe juu ya ngazi ameshika futi. Hakuna kosa hata moja. Namshukuru fundi, namshukuru shemeji, namshukuru hata afisa. Sheria ni sheria. Nimejifunza.

Fundi akiwa likizoni, mumewe atatupimia hoteli ya pili. Huyo hahitaji mkataba wowote: si mfanyakazi, ni mume wa mfanyakazi. Shemeji bado sijamwambia, kifua chake kitaanza tena. Nimemwambia jamaa afike saa mbili kamili. Fulana yake imeondoka leo, saizi kubwa.

Fremu nimeshaagiza.